Mgonjwa Haulizwi Uji, Je Mzazi?



Hata huku ughaibuni mzazi akitoka hospitali hakosi watu wa kwenda kumtazama. Jumamosi moja mwaka huu tulikusanyika kwa mwenzetu aliyejifungua mtoto wa kike, ghorofa ya nne, lifti mbovu kama kawaida yake, na kila mmoja na alichobeba: huyu nepi, yule chupa ya chai, mwingine bakuli la uji wa pilipili manga lililofungwa kwa kitambaa. Hakuna aliyemwuliza mzazi kama anautaka. Alipewa bakuli mkononi, akaambiwa aunywe ungali moto. Mgonjwa haulizwi uji.

Mazungumzo yakaelekea yanakoelekea siku zote, kwenye habari za uzazi. Bibi mmoja aliyekuja kutoka Tanga kumsaidia binti yake akatusimulia alivyojifungua mtoto wake wa tatu, zamani hizo, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Alikuwa amechoka, nguvu za kusukuma zimemwishia, akabana mapaja. Nesi akamzaba kofi la paja, kisha jingine la shavu, na kumwambia maneno ambayo bibi aliyasema kwa kunong'ona kwa sababu watoto walikuwa sebuleni: kwamba siku ya kuitafuta hiyo mimba hakulia hivyo. "Na kofi lile ndilo lililomtoa," akasema bibi, nasi tukacheka. Karibu kila mmoja wetu anacho kisa cha namna hiyo, cha mama yake au chake mwenyewe, na tumezoea kukicheka.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, mwenzetu ambaye ni mkunga katika hospitali moja ya hapa Uingereza. Hakumkosoa bibi, adabu anayo. Alimwuliza tu: "Bibi, na huyo wa nne ulimzalia wapi?"

Bibi alinyamaza kidogo. "Nyumbani," akasema. "Nikatokwa na damu hata wakanibeba na kitanda changu."

Tangu siku ile swali lile halijatutoka, ndiyo maana tumeona si vibaya tulilete hapa. Je, inafaa kumdhalilisha mtu ili kumwokoa? Wanaotetea kofi hawasemi kwamba kupiga ni kuzuri. Wanasema kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana, mama amekata tamaa, na dakika zilikuwa zinahesabika. Uhai kwanza, heshima baadaye. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na sisi wenyewe tuliiamini kwa miaka mingi. Ukimpa mama nafasi ya kuchagua kati ya shavu lake na mtoto wake, atatoa shavu.

Lakini hesabu ile haikufanywa hadi mwisho. Tuseme kofi lilimwokoa mtoto wa tatu (ingawa hata hilo hatuna hakika nalo, maana wanawake wengi hupata nguvu ya mwisho bila kupigwa na mtu). Kofi hilohilo ndilo lililomfanya bibi aikimbie hospitali mimba ilipofuata, na kisa chake kikafika kwa dada zake, mawifi na majirani. Anayepiga haoni wale watakaobaki nyumbani na damu inawatoka. Kwa hiyo hata ukiuweka utu kando, ukahesabu maiti tu, kofi linashindwa kwa kipimo chake lenyewe.

Hapo tulidhani tumemaliza. Tukiwa kituoni tunasubiri basi, tukamweleza mkunga wetu hoja yetu kwa kujivuna kidogo. Hakufurahi kama tulivyotarajia. "Na kama bibi angerudi hospitali kwa mtoto wa nne," akasema, "kofi lingekuwa halali?"

Tukakosa la kujibu. Ni kweli, hoja ya faida ina kasoro yake: inamheshimu mama kwa kuwa heshima inalipa, na siku isipolipa itamwacha. Huko Bungoma, Kenya, mwaka 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni penye njia ya watu katika hospitali ya umma, kwa kuwa hakukuwa na kitanda, kisha wauguzi wakampiga makofi na kumtukana. Tendo lile likarekodiwa kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Shauri lile halikuwa la mtu aliyekufa. Lilihusu mtu aliyetendewa kama si mtu, na mahakama ikaona kwamba hilo peke yake latosha kuwa dhara.

Sasa turudi Tanga, kwa sababu huko ndiko swali hili limepimwa kwa subira kuliko mahali pengi. Watafiti waliwahoji wanawake 1,779 waliokuwa wanatoka kujifungua katika vituo vinane vya afya vya serikali, wilaya za Korogwe na Muheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Mlangoni mwa kituo, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya: kupigwa, kutukanwa, kuachwa peke yao, kuwekwa wazi mbele za watu. Baada ya wiki kadhaa 593 kati yao wakafuatwa majumbani, wakaulizwa tena. Sasa wakawa asilimia 28.

Tafadhali itazameni tofauti hiyo. Wodi ni ileile, kilichobadilika ni mahali pa kuulizia. Mlangoni mama bado amembeba mtoto aliyezaliwa mikononi mwa walewale wauguzi, na kesho atawarudia kwa chanjo. Atasema nini zaidi ya ahsante? Akishakaa juu ya mkeka wake, maziwa yameshuka, ndipo anapokumbuka kwamba alifedheheshwa. Kicheko chetu cha Jumamosi ile nacho tunakiona sasa kuwa ni jamaa wa ile ahsante ya mlangoni.

Mradi uliofuata ulipewa jina la Staha, na kwa kweli hatujui jina lingelifaa zaidi. Korogwe, wananchi na wahudumu waliketi pamoja wakaandika mkataba wa yale ambayo kila upande unamdai mwenzake, halafu hospitali ikajitazama yenyewe. Waliyoyabadilisha hayakuwa makubwa. Walitundika mapazia ya kumsitiri mama anapopimwa na kuzalishwa. Dawa zilizokwisha zikabandikwa ukutani ili ndugu wasidhani zimefichwa. Wafanyakazi wakapatiwa chai. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, ukilinganisha na wilaya ya jirani ambako hayo hayakufanywa, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa takriban theluthi mbili.

Hiyo chai inatugusa. Tunapomlaumu nesi tunamsahau mtu aliyesimama tangu jioni peke yake na wazazi watano au sita, glavu zinahesabiwa, taa inazimika, na yeye mwenyewe hakuna aliyemwuliza amekula nini. Halihalalishi kofi hilo. Lakini aliyesahauliwa utu wake hupata taabu kuukumbuka wa mwenzake, na anayetaka staha wodini aanze kwa kutazama nani yuko zamu na wangapi.

Jambo hili ni zito leo kuliko enzi za bibi yetu, kwa kuwa wanawake wameitika wito. Tanzania, katika utafiti wa taifa wa 2015–16, asilimia 63 ya uzazi ulikuwa vituoni. Katika ule wa 2022 ilifika asilimia 81. Vifo vya wazazi vilivyokadiriwa na tafiti hizohizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mama amekubali kuja. Alitoka kwenye chumba alichokijua, penye mama yake na mkunga wa mtaa aliyemwita kwa jina, akaja kulala uchi mbele ya mgeni. Ameikabidhi hospitali amana kubwa mno.

Wapo miongoni mwetu watakaosema: hayo ni ya kwetu, ya umaskini, huku wenzetu wameendelea. Hapa hakuna anayezabwa kofi, ni kweli. Hapa unaambiwa kwa sauti laini, "Usijali mpenzi, ni kawaida," na mlango unafungwa taratibu.

Mwaka 2017 serikali ya Uingereza iliagiza uchunguzi juu ya huduma za uzazi katika hospitali za Shrewsbury na Telford, baada ya wazazi waliofiwa kukataa kunyamaza. Walianza na familia 23. Aliyekabidhiwa kazi ni Bi. Donna Ockenden, naye ni mkunga kwa taaluma. Alipotoa ripoti yake Machi 2022 familia zilikuwa 1,486, na watoto 201 walionekana kwamba huenda wangepona kama wangehudumiwa vizuri zaidi: 131 walizaliwa wafu na 70 walifariki baada ya kuzaliwa. Hospitali ile ilikuwa ikisifiwa kwa uchache wa upasuaji. Akina mama walisema kuna tatizo, hawakusikilizwa, na baadhi yao waliofiwa wakalaumiwa wao.

Ripoti ile ndiyo iliyotufungua macho. Tulikuwa tukidhani usalama ni kazi ya mashine na dawa, na heshima ni tabasamu linaloongezwa juu, kama sukari kwenye chai. Kumbe mama ndiye kipimo cha kwanza. Yeye ndiye anayejua kwamba mtoto hakucheza tangu alfajiri, au kwamba kichwa hiki kinachouma si kile cha jana. Usipomsadiki umeizima mashine iliyo karibu kuliko zote na tumbo, hata kama umemwita mpenzi.

Tena kuna kuuliza kwa kweli na kuuliza kwa desturi. Mama mmoja wa Scotland, mfupi wa kimo na mwenye kisukari, alijifungua mwaka 1999. Daktari alijua kuna hatari ya mabega ya mtoto kukwama, ya kama asilimia 9 hadi 10, lakini hakumwambia, akihofia kwamba akimwambia atataka upasuaji. Mabega yalikwama kweli, na mtoto akabaki na ulemavu wa maisha kwa kukosa hewa. Shauri hilo, linalojulikana kwa jina la Montgomery, lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2015 majaji wakasema kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona kuwa na uzito, na uamuzi ni wake. Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Alimnywesha mgonjwa uji bila kumwuliza, akiamini uji ni mwema.

Methali yetu haina kosa. Imetoka kwenye huruma: usimchoshe aliyelala kwa maswali, mletee tu. Ila uji ukiukataa unabaki bakulini, hakuna aliyeumia. Kisu hakibaki bakulini. Na mzazi, ndugu zangu, si mgonjwa. Ni mtu aliye kazini, kazi ambayo hakuna awezaye kumfanyia.

Mtu atauliza: na damu zikimwagika, tukae tujadiliane? Tulimwuliza mkunga wetu swali hilohilo. Akajibu kwamba mikono na mdomo hufanya kazi pamoja. Anakandamiza tumbo huku anasema, "Dada, unatoka damu, ninakandamiza, itauma, nikushike." Sentensi hiyo haichelewi hata nukta moja. Mengine yote yangekwisha kuulizwa mapema, kliniki, siku ambazo hakuna anayekimbia.

Na hapo kwenye kliniki ndipo tulipo sisi, wala hatuna pa kujificha. Takwimu za Uingereza za 2014 hadi 2016 zilionyesha wanawake weusi wakifariki kwa sababu za uzazi mara tano kuliko weupe. Za 2020 hadi 2022 bado ilikuwa karibu mara tatu. Sababu ni nyingi, na kutosikilizwa ni mojawapo. Lakini mkunga wetu anasema mara nyingine anashindwa kumsikia mama kwa kuwa hajampata. Anamkuta mume anajibu, au wifi, au mtoto wa miaka kumi na miwili anayetafsiri habari za mama yake ambazo hapaswi kuzijua. Anauliza, "Unaumwa wapi?" Mama anasema maneno ishirini kwa Kiswahili, na mume anatafsiri: "Hajambo."

Siku moja alimwomba mume atoke kwa dakika tano. Mwanamume akakasirika, akasema wewe ni Mswahili mwenzetu, umeshakuwa Mzungu? Akamjibu, "Shemeji, dakika tano tu, chai iko pale." Katika dakika zile mama alimwambia kwamba kwa siku tatu anaona vimulimuli machoni. Presha ilipopimwa ikawa juu sana, akalazwa jioni ileile. Mume hakuwa amemficha mtu kitu. Hakuambiwa na mkewe, naye hakuuliza.

Mkalimani hospitalini ni bure, na ukiomba mwanamke una haki ya kuomba. Mkunga wetu amekubali kukaa na wenye mimba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, katika chumba tunachokodi kwa mikutano yetu. Waume wanakaribishwa, ila nusu saa ya kwanza watakaa chumba cha pili. Bibi wa Tanga anaondoka mwezi ujao. Amesema kabla ya hapo atakuja kukieleza kisa chake tena, safari hii chote.