Usomaji wa Kuazima: Swali la Maadili katika Makuzi ya Mwanafunzi wa Fasihi

Inapodaiwa kwamba mwanafunzi wa fasihi amekomaa, hudaiwa nini hasa? Jibu linalotolewa aghalabu ni la kiufundi: kwamba sasa anazijua istilahi, anaweza kuitenga fani na maudhui kwa madhumuni ya uchambuzi, na ameusoma Umarx, umuundo na nadharia zilizoufuatia. Makala hii inashikilia kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ukomavu wa msomaji ni suala la kimaadili kabla halijawa la kiufundi. Msomaji hutoa hukumu. Anapoandika kwamba mhusika fulani ni mwovu, au kwamba riwaya fulani ni dhaifu, anatoa ushahidi kuhusu jambo aliloliona. Na ushahidi una masharti yake. Shahidi anayesimulia aliyoyasikia kwa jirani kana kwamba aliyaona mwenyewe hatumwulizi kwanza kama aliyoyasema ni kweli. Tunamwuliza alikuwa wapi.

Tuchukue Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyochapishwa mwaka 1980 na ambayo imewahi kutahiniwa katika shule za upili za Kenya. Wanafunzi wengi wamewasili chuoni wakiwa na hukumu iliyokwisha kupikwa kuhusu Maimuna: binti aliyetoroka nyumbani, akaponzwa na maisha ya baa, na kwa hiyo ni funzo kwa vijana. Hukumu hiyo si uongo mtupu, matukio yamo. Lakini mwanafunzi anayeirudia riwaya hiyo miaka minne au mitano baadaye, bila mwongozo mkononi, huanza kuziona kuta. Anaona kwamba kabla Maimuna hajatoroka alikuwa amefungiwa na babake, Maksuudi, na kwamba nyumba iliyojivunia heshima ndiyo iliyomnyima binti huyo ujuzi wa ulimwengu ambao huenda ungalimkinga. Swali la nani alaumiwe linakuwa zito ghafla. Naye mwanafunzi, pengine kwa mara ya kwanza, hana pa kulitua ila juu ya mabega yake mwenyewe.

Huenda pakatokea wa kuuliza: ikiwa Maimuna amehukumiwa kwa maneno ya mwongozo, ni nani aliyedhulumiwa? Mhusika wa kubuni hana haki za kudai. Kweli, hana. Lakini tabia ya kuhukumu kwa kusikia haibaki ndani ya jalada la kitabu. Wapo mabinti wa mtaani kwake ambao kesho mwanafunzi huyu, akiwa mwalimu, hakimu au mzazi, atawatolea uamuzi kwa uvivu ule ule.

Hata hivyo, hoja yetu isisukumwe mbali mno. Hakuna asomaye peke yake. Mwanafunzi anayejigamba kwamba maoni yake hayana mlezi hajakomaa. Amesahau tu waliomlea. Utamaduni wa fasihi ya Kiswahili hauoni aibu katika kuazima, na mfano ulio bora zaidi ninaoufahamu ni takhmisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na kwa kila mishororo miwili ya mtangulizi wake akaongeza mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Tutafakari maana ya kitendo hicho. Ili aongeze mishororo mitatu inayoafikiana kwa vina, mizani na mwendo wa fikra na ile miwili, ilimbidi aisome miwili hiyo kwa makini ambayo wahakiki wachache wa leo wangeyadai kuwa nayo. Wala hakuficha deni. Umbo lenyewe la ubeti linatangaza kwamba hapa wanasema watu wawili, na msikilizaji aliyeizoea bahari hiyo anajua pa mmoja pamekomea wapi. Nadharia za upokezi zilizofundishwa Konstanz na Jauss na Iser tangu miaka ya 1960 zinamtambua msomaji kuwa mshirika katika kuumba maana. Takhmisa inamdai zaidi ya hapo, kwani inamtaka aonyeshe sehemu yake.

Kuazima kwa namna hii humpa mtu sauti. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Bahari alizozitumia hazikuwa zake. Alizirithi Mombasa, kama walivyozirithi malenga wengine wa Mvita. Lakini akiwa kifungoni urithi huo ulibeba jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemtangulia kulisema kwa niaba yake.

Kosa, basi, si kuazima. Wengi watasema kosa ni kuficha, na watataja biashara ya kuandikiana insha iliyoota mizizi Nairobi hata ikawa na wateja Uingereza na Marekani, au programu za kompyuta ambazo sasa hutunga insha nzima kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nakubaliana nao, ila kwangu hilo ni tatizo jepesi, kwa sababu kila mtu analitambua. Linalonisumbua zaidi ni tasnifu isiyoiba chochote: kila sentensi ina mwenyewe aliyetajwa kwa jina na mwaka, kila dai limeegemezwa kwa mtaalamu, na katika kurasa mia na hamsini mwandishi hakuthubutu hata mara moja kusema kwamba kitabu kimemshangaza, kimemwudhi au kimemshinda. Kisheria ni msafi kabisa. Bado swali letu la shahidi linabaki pale pale.

Wala lawama haiwezi kumwangukia mwanafunzi peke yake. Mtahini anayesahihisha kwa orodha ya hoja kumi, na kumnyima alama aliyeleta ya kumi na moja, amekwisha kumfundisha somo ambalo mihadhara yetu haitaling'oa kwa urahisi. Tunamtaka awe jasiri kwa gharama yake, si yetu. Idara inayoutaka usomaji wa dhati itabidi iridhie tasnifu fupi zaidi, zenye sura ya nadharia iliyopunguzwa nusu, na katika utetezi imwulize mtahiniwa jambo lisilopatikana katika orodha yake ya marejeleo: ni ukurasa upi uliokubadilisha maoni, na kabla ya kuufikia ulikuwa ukiamini nini?