RAHELI KATIKA NJIA YA EFRATA
Somo kwa wamama wenye kovu la sezariene, na kwa bwana zao

Masomo: Mwanzo 35:16-20, Kutoka 1:15-21

 

Somo hili limetoka katika swali. Katika mkutano wa wamama, dada mmoja mwenye mimba ya pili alisimama akasema: mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa kupasuliwa. Huyu wa pili, nikatae kisu ili nionyeshe imani, au nikubali kisu tangu sasa? Wamama wakajibu wote kwa mara moja. Wengine walisema mwanamke aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Wengine walisema afunge siku tatu, alale katika chumba cha maombi, na mtoto atatoka mwenyewe. Sisi tunaoandika hapa, wachungaji wawili na mama mmoja mkunga wa miaka mingi, tumeona kwamba majibu yote mawili yanaweza kumpoteza mama. Basi tukarudi kwenye Neno.

Raheli alizaa mara mbili. Yusufu alizaliwa vizuri, na siku ile mama yake alimwomba Mungu amwongezee mwana mwingine. Mungu akamwongezea. Lakini mtoto wa pili alimkuta safarini. Walikuwa wametoka Betheli, Efrata ilikuwa bado mbele, na uchungu ukawa mkali. Mkunga alikuwapo, akamtia moyo, akamwambia asiogope. Mtoto akaishi, naye Raheli akafa palepale njiani, akazikwa kando ya njia, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi.

Wapendwa, tafuteni katika sura ile mahali ambapo Mungu anamlaumu Raheli. Hamtapaona. Hakuna neno kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Tunajua kuna wahubiri wanaotafuta dhambi yake katika miungu ya Labani aliyoificha chini ya tandiko la ngamia. Hiyo ni sura ya 31, na Maandiko yenyewe hayaunganishi mambo hayo mawili. Mtu akifiwa na mke katika uzazi, watu wa kumtafutia sababu hawakosi, na hiyo ni tabia mbaya katika makanisa yetu. Maandiko yanatuambia tu kwamba uchungu ulikuwa mgumu, na kwamba mji ulikuwa bado mbali kidogo. Huo umbali mdogo ndio tunaotaka muukumbuke.

Tuseme kwanza habari ya aibu, kwa sababu ndiyo inayowapeleka wamama wengi mahali pabaya. Katika parsela zetu mama aliyezaa kwa sezariene anaitwa mvivu, au inasemwa kwamba hakuzaa, alitolewa mtoto. Mama mkwe anahesabu makuta yaliyolipwa na kunung'unika. Wengine wanafungua Mwanzo 3 na kusema mwanamke aliagizwa uchungu, na aliyepasuliwa ameukwepa. Ndugu, wanaosema hivyo hawajawahi kukohoa siku ya pili baada ya kupasuliwa. Tena wafungue ukurasa mmoja nyuma, Mwanzo 2:21. Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito, akafungua ubavu wake, akatoa alichotaka kutoa, akafunika nyama mahali pake. Kabla ya dhambi, ndani ya Edeni, mwili ulifunguliwa na kufungwa ili uhai utoke. Nani atasema kovu ni laana?

Na msituambie kwamba hicho ni kitu cha Wazungu. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, mmisionari aliyesomea uganga, alikuwa Kahura katika ufalme wa Bunyoro, ng'ambo ya ziwa Albert, upande wa pili wa Ituri yetu. Pale alimwona mganga Mwafrika akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili alegee. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha nayo tumbo, akapasua, akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa vyuma vyembamba na nyuzi za gome la mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga, na mtoto pia alikuwa mzima. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884. Wazee wetu walijua kwamba kuna mtoto asiyetoka ila kwa mlango mwingine, nao hawakuona haya kuufungua.

Sasa turudi kwa swali la dada yetu. Je, mama aliyepasuliwa mara moja anaweza kuzaa wa pili kwa njia ya kawaida? Ndiyo, na wengi wanaweza. Katika wamama 100 wenye kovu moja wanaojaribu, wakiwa wamechaguliwa vizuri na kulindwa vizuri, kati ya 60 na 80 wanazaa kwa njia ya kawaida. Yule ambaye amewahi kuzaa kwa njia hiyo, hata mara moja, ana tumaini kubwa zaidi. Na faida yake ni ya kweli. Kila operesheni inaacha kovu jingine, na kwa mama mwenye makovu mengi kondo la nyuma linaweza kushika juu ya kovu na kukataa kutoka, damu ikamwagika bila kuzuilika. Katika nchi yetu uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta mwanamke anazaa watoto zaidi ya 6. Basi si jambo dogo kumwepusha mama na kisu ambacho hakihitajiki. Anayesema ukipasuliwa mara moja utapasuliwa siku zote, hasemi kweli.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kufunguka wakati wa uchungu. Kwa mama mwenye kovu moja la kulala, chini ya mfuko, linafunguka karibu kwa mmoja katika 200 wanaojaribu. Mtu anasema, mmoja katika 200 ni kidogo. Ni kidogo, ikiwa uko mahali penye chumba cha operesheni, muganga wa kupasua, na damu ya kuongeza. Kovu likifunguka damu inamwagika ndani, mtoto anakosa hewa, na kinachobaki kinahesabiwa kwa dakika. Tena kwa mama ambaye mfuko wake ulikatwa wima, kutoka juu kwenda chini, hatari ni kubwa mara nyingi zaidi, na huyo hashauriwi kujaribu. Wala msidanganywe na kovu la ngozi. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala, na mfuko ndani ukawa umekatwa wima. Ni karatasi ya operesheni tu inayosema, au aliyepasua.

Ndiyo maana tunawaomba mtunze karatasi hiyo kama mnavyotunza cheti cha ubatizo. Tunajua wengi wamekimbia vita mara tatu, mara nne, wakatoka na watoto na kikwembe kimoja. Karatasi ipigwe picha katika simu, na picha itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Na kama imepotea, mama aseme wazi kwa mkunga kwamba imepotea. Asibuni.

Muganga atauliza pia ulipasuliwa kwa sababu gani. Kama mtoto wa kwanza alitanguliza matako, au moyo wake ulichoka, au kondo lilikaa mbele, sababu hiyo inaweza isirudi. Kama nyonga ni nyembamba kweli, mtoto wa uzito wa kawaida akakataa kupita, sababu inaweza kurudi. Ataangalia tena ni muda gani umepita. Mimba ikifuata upesi mno, kovu halijapata nguvu. Mama apewe angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya kubeba mimba nyingine. Hapo ninyi wabwana mnaelewa kwamba tunasema na ninyi. Anayesema anampenda mke wake, na mtoto bado hajajua kutembea mimba nyingine imeingia juu ya kovu bichi, apendo lake alionyeshe kwa njia nyingine, aende naye kwa konsiltasio akaulize jinsi ya kupanga uzazi.

Tuseme sasa neno gumu, na tunalisema kwa heshima ya vipawa vyote. Kanisa letu ni kanisa la unabii, hatuuzimi Roho. Lakini hakuna nabii aliyetumwa kumwambia mama mwenye kovu abaki katika chumba cha maombi wakati uchungu umeanza. Nabii akiona katika maono kwamba utazaa bila kupasuliwa, tumshukuru Mungu, na maono hayo yatatimia vizuri sana ndani ya maternite yenye chumba cha operesheni. Kama ni ya Mungu, ukuta wa hospitali hauyazuii. Na kama hayakuwa ya Mungu, mama atakuwa amepona. Nabii anayekasirika kwa maneno haya ajiulize anatetea nini: neno la Bwana, au jina lake.

Maji ya baraka na mafuta ya kupakwa havifungui kovu. Mama anaweza kuombewa mlangoni na njiani, na hata katika kitanda cha kuzalia kama wakunga wanakubali. Kinachofungua kovu ni dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, zinazobana mfuko kwa nguvu isiyopimwa. Ni vidonge vya kuchochea uchungu vinavyonunuliwa kwa siri. Ni watu kukandamiza tumbo kwa mikono ili mtoto ashuke. Mambo hayo matatu, kwa mama mwenye kovu, tunayakataza kabisa katika nyumba za waamini. Na katika uchungu, kama maumivu hayapungui kati ya uchungu mmoja na mwingine, kama damu inatoka, kama uchungu uliokuwa mkali unakata ghafula na mama analegea, msiseme amepumzika. Piteni mbio kumwita muganga.

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa tuzo la Nobel la Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa mtoto alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hatoi dawa. Baba akamweleza kwamba hiyo si kazi yake. Basi mtoto akaamua kwamba baba ataomba, na yeye atatoa dawa. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 aliitaka kwanza iwe mahali wamama wanazaa bila kufa. Baba hakumzuia mwana, wala mwana hakudharau maombi ya baba. Shifra na Pua nao walimcha Mungu wakiwa wakunga, kazini, karibu na mama anayezaa, na Mungu akawajengea nyumba zao.

Dada yetu aliyeuliza, na wengine kama yeye, wasiogope pia kuchagua kisu. Kuna mama ambaye, baada ya kuelezwa vizuri, atasema: siku zile mbili za uchungu wa kwanza sizitaki tena, nipangieni tarehe. Huyo hajamkana Mungu. Na yule anayejaribu njia ya kawaida, akafika katikati, muganga akasema tupasue sasa, asilie kwamba ameshindwa, wala bwana yake asianze pale kutafuta ushauri wa ukoo mzima kwa simu. Mazungumzo na ukoo yafanyike mwezi wa saba, si usiku ule.

Inabaki habari ya pesa. Mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, kisha mikoa mingine ikafuata. Ulizeni katika zoni yenu ya afya kama umefika na unalipa nini, kwa sababu mahali pengine sezariene bado inalipwa, na tumeona wamama wakizuiliwa majuma na mtoto mikononi kwa sababu ya deni. Bwana aanze kuweka akiba tangu mwezi wa kwanza mimba inapojulikana, kidogo kidogo. Aongee mapema na motari mmoja anayekubali kuamshwa usiku, na apate ndugu wawili ambao damu yao imepimwa.

Mama mwenye kovu anayekaa mbali asingoje uchungu umkute njiani. Ahame karibu na hospitali ya operesheni tangu juma la 38, au mapema zaidi kama muganga amesema. Waamini wanaokaa karibu na hospitali, wenye nafasi ya kumpokea mama kama huyo pamoja na msaidizi wake, waandikishe jina kwa mama shemasi baada ya ibada ya Siku ya Bwana. Wamwambie kama wana kitanda au mkeka, na kama mlango unafunguka usiku.