Je, Ni Haki Kuua Tusichokijua?

Mtoto akiona kidudu katika jani la kabichi huuliza, "Huyu ni mdudu gani?" Wakubwa wengi hujibu, "Mdudu tu, mponde." Basi twauliza: je, ni haki kuhukumu kiumbe kabla ya kukijua?

Waliotuachia lugha hii walitazama zaidi. Nzige asiyeota mabawa walimwita tunutu. Mtoto wa kipepeo, kiwavi. Wa nzi, buu. Wa mbu, kiluwiluwi. Tunutu hufanana na wazazi wake, ila kiwavi hafanani na kipepeo hata kidogo, na hapo ndipo wengi hukosea. Yuko mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni, mlaji wa vidukari. Mtoto wake ni mrefu, mweusi, mwenye vidoa vya rangi ya chungwa, wa kutisha kidogo. Naye pia hula vidukari kwa wingi. Huyo ndiye apondwaye, kisha watu hunung'unika kwamba kabichi zimenyauka!

Hatusemi wote waachwe. Viwavijeshi wa kutoka Amerika, walioonekana Afrika mwaka 2016, huharibu mahindi, na kuwaua ni halali. Lakini hata hao wana alama zao: usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Macho ya mtoto huziona upesi kuliko ya baba yake.

Adamu alipewa kazi ya kuwataja viumbe majina, wala hatusomi kwamba kazi hiyo ilikoma. Twawasihi walimu wa watoto: kiwavi atiwe katika chupa pamoja na majani ya mmea alikokutwa, mdomo ufungwe kitambaa chepesi, majani yabadilishwe kila siku. Chupa isiachwe juani.