Paa la Udongo la Gahanga



Ndugu zangu katika imani, shika karatasi ya daftari kwa ukingo mmoja: italegea. Ipinde kidogo iwe kama mfereji: itanyooka mbele yako na hata kubeba kalamu. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni umbo.

Hapa Kigali, uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, una mapaa ya matao yaliyojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa bila kuchomwa. Nilisimama chini yake nikajiuliza: udongo huu unavukaje mita 16? Ni kwa sababu hakuna kigae kinachobeba peke yake. Kila kimoja humsukumia jirani uzito, naye humsukumia wa pili, hadi mzigo ufike ardhini. Vigae hivyohivyo vikitandazwa bapa juu ya nafasi hiyo, vingevunjika.

Sisi nasi asili yetu ni udongo. Mtume (s.a.w.) aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hutiana nguvu. Basi mwenzetu aliyekosa kodi ya chumba, akaanza kuadimika Ijumaa, tusimwache abebe peke yake. Tumtafute kabla ya mitihani, tumuulize hali, tuchange. Nawe uliyelemewa, usione haya kusema. Kuinama si udhaifu: kila siku tunarukuu, na humo ndimo tunamopata nguvu.

Allah atuunganishe, atufanye wenye kubebana. Amin.