Kwale Mgeni

Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, mkoani Iringa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga. Ilifanana na ya kuku, lakini haikuwa ya kuku. Baadaye wakamwona ndege mwenyewe akiwa hai, na mwaka 1994 akapewa jina la kitaalamu, Xenoperdix udzungwensis. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kwale mgeni.

Nimejiuliza mara nyingi: mgeni kwa nani? Aliyempika alimfahamu vya kutosha. Watafiti nao walikuwa na sababu, maana walimwona anafanana zaidi na kwale wa misitu ya Asia kuliko hawa wetu. Lakini kanuni za majina ya viumbe haziruhusu jina lifutwe eti kwa kuwa halifai. Basi ndege huyo ataitwa mgeni katika msitu aliozaliwa.

Kule Mbeya mambo yalikwenda vingine. Wawindaji wa Kinyakyusa wa mlima Rungwe walimtaja kima waitwaye kipunji, ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Mwaka 2003 wataalamu wakamwona, na mwaka 2005 wakamwandika kwa jina lake lilelile. Mwaka uliofuata jina la jenasi lilibadilishwa, likawa Rungwecebus, kipunji likabaki.

Ningependa kuishia hapo, nikiwalaumu watu wa mbali. Lakini kalamu hiyo nimeishika mimi pia. Nilifundisha shule ya msingi huko Iringa. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, mtoto mmoja alitaja jina lake la Kihehe kwa sauti ndogo. Mimi mtu wa Mbeya sikulishika, na foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika jina lililokaribia. Aliliitikia miaka saba, na ndilo lililo katika cheti chake.

Je, nilimnyang'anya kitu? Mtoto alibaki yuleyule, kama kwale. Hata hivyo, kila asubuhi nilimwita mtu asiyekuwepo, naye kwa adabu akasema yupo.

Miaka mingi baadaye tulikutana stendi ya Mafinga, yeye akiwa na mwanawe mgongoni. Akaniamkia. Nikamwomba radhi, nikamwuliza jina lake hasa. Akacheka.

"Lile la cheti linatosha, Mwalimu," akasema. "Lingine ni la nyumbani."