Dodoso Lililosomwa Mkutanoni

Kisa hiki nimekitunga, lakini makosa yaliyomo si ya kutunga. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kuyazuia tangu mwaka 2001, na bado wapo wanaoyarudia.

Mdadisi aliingia uani saa nne asubuhi, kishikwambi mkononi. Alikuwa kijana msomi, mwenye adabu na nia njema kabisa: mradi wake ulitaka takwimu za ukatili wa kijinsia ili halmashauri ipate hoja ya kutenga fedha. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameshatangaza kwamba kuna watu wanakuja kuuliza habari za wanawake wanaopigwa. Kijana akamwamkia mama mkwe aliyekuwa amekaa mkekani, kisha akamgeukia mkaza mwana aliyekuwa akipeta mchele.

“Dada, ni maswali mafupi tu. Mumeo amewahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu cha kukuumiza?”

Mkaza mwana akamtazama mama mkwe, akarudisha macho kwenye ungo. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo. Akajibu ndiyo.

Nasikitika kila nikifikiria ujasiri ule, kwa kuwa njia ya kuulinda inajulikana. Utafiti wa WHO katika nchi 10, uliotolewa mwaka 2005, ulifika Dar es Salaam na Mbeya. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema mwenzi wao amewafanyia ukatili wa kimwili au wa kingono. Asilimia hizo zilipatikana kwa kazi kubwa. Wadadisi walikuwa wanawake, na walifundwa kwanza kwa takribani wiki 3. Kwa jamii, utafiti ulitambulishwa kuwa ni wa afya na maisha ya wanawake. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, ili asiwepo wa pili wa kumpelekea mume habari za maswali. Mtu akitokea ghafla, mdadisi hugeuza mazungumzo, akauliza habari za uzazi. Swali zito kupita yote, la kuguswa kingono utotoni, liliwekewa njia ya pili: mwanamke alipewa kadi iliyochorwa sura mbili, moja inacheka na nyingine inalia, akaweka alama yake bila mdadisi kuiona. Katika maeneo mengi, waliofichua kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliotamka kwa mdomo.

Kijana wetu, kwa kutaka kufikisha idadi aliyopangiwa, alimhoji na wifi mtu papo hapo uani. Akaaga bila kuacha hata maelezo ya namna ya kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Jioni wifi akamsimulia kaka yake. Usiku mume akampiga mkewe kwa kosa la kutoa siri za nyumba.

Halafu ikaja ripoti. Jina halikuandikwa, ila iliandikwa kuwa yuko “mwanamke wa miaka 34, mke wa fundi seremala, mama wa watoto 5”, na kitongoji kikatajwa. Kitongoji kile kina fundi seremala mmoja. Ripoti ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakageuza shingo kabla msomaji hajamaliza sentensi. Mama akaacha kwenda kwenye kikoba chake.

Hapa hasira yangu ni kubwa zaidi, maana kazi ya mume haikuhitajika hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi kinachohitajika. Mtu anatambulika kwa umri wake, mtaa wake na kazi ya mumewe kama anavyotambulika kwa jina. Nami ni mtetezi wa takwimu hizi: zisipokuwepo, kipigo kitaendelea kuitwa mambo ya ndani. Ndiyo maana siwezi kumwonea haya anayezivuruga.

Na kweli zilivurugika. Mwaka uliofuata ulikuja utafiti mwingine, safari hii wa maana: mdadisi mwanamke, mlango umefungwa, ridhaa imeombwa kwa maneno yanayoeleweka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha kila swali akalijibu hapana. Majirani waliokuwa mkutanoni siku ile nao walijibu hapana. Kwenye jedwali la wilaya, ukatili katika kata ile ulionekana kushuka kuliko kata zote. Kikao cha bajeti kikaipongeza, na fedha zilizokuwa zimeombwa kwa ajili ya wanawake wake zikapelekwa kwingine.