Dirisha la Danieli: Sala ya Kila Siku Katika Nchi ya Ugeni

Somo: Danieli 6:1-10

Tunawasalimu nyote, ninyi mliokaa katika makazi haya miaka mingi na ninyi mliofika juzi, ambao bado mnatafuta miti na nyasi za kujengea.

Mwezi huu tunapenda tukumbushane juu ya jambo linalopungua katikati yetu, nalo ni sala ya kila siku nyumbani. Siku ya Jumapili kanisa linajaa na kwaya zinaimba. Katika mikesha pia tunajaa, hasa ikitangazwa kwamba ni mkesha wa kuombea safari. Lakini tangu Jumatatu mpaka Jumamosi nyumba nyingi hazina hata dakika tano za sala. Tukiulizana sababu, jibu ni moja: hapa tunapita tu, tutajipanga tukifika kule tunakokwenda, au tukirudi kwetu.

Tumtazame Danieli. Yeye alichukuliwa kutoka Yerusalemu akiwa kijana, karibu mwaka 605 kabla ya Kristo. Habari ya tundu la simba ilitokea baada ya Babeli kuanguka mwaka 539. Hesabuni wenyewe: miaka zaidi ya 60 katika nchi ya watu. Alibadilishiwa jina, akajifunza lugha ngeni, akatumikia wafalme wasiomjua Mungu wake. Lakini alikuwa na chumba, dirisha na saa zake tatu za kupiga magoti.

1. Desturi ilikuwapo kabla ya shida

Mfalme alipotia sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu asiombe kwa mungu yeyote ila kwa mfalme peke yake, Danieli hakuitisha maombi ya dharura. Aliingia nyumbani akafanya lile alilokuwa amelizoea. Neno linasema wazi kwamba haikuwa mara yake ya kwanza. Hata adui zake walijua wapi na saa ngapi watamkuta. Je, mtu akitaka kutukuta tukisali, anajua aje saa ngapi?

Ndugu, siku ya shida si siku ya kuanza kujifunza kusali. Mtu hachimbi kisima wakati koo limekauka. Habari mbaya ikija kwa simu kutoka kijijini, au chakula cha msaada kikipunguzwa, kile tulichokizoea ndicho kitakachotushika mkono.

2. Dirisha lilielekea mji uliobomoka

Danieli alifungua dirisha upande wa Yerusalemu. Wakati ule hekalu lilikuwa limekwisha kuchomwa moto na kuta zimelala chini. Kwa nini basi aliangalia magofu? Someni 1 Wafalme 8:46-50. Sulemani, siku ya kuliweka wakfu hekalu, aliwaombea watu watakaochukuliwa mateka mbali: kwamba wakiomba huko ugenini wakiielekea nchi yao, Mungu awasikie. Danieli aliishika sala hiyo. Mamia ya miaka kabla hajazaliwa, watu wa uhamisho walikuwa wamekwisha kuombewa.

Basi tusione haya kuliombea kila siku kijiji tulichokiacha, makaburi ya wazee wetu, hata wale walioshika mashamba yetu. Na tuwataje kwa majina mbele ya watoto, ili watoto waliozaliwa hapa wajue wametoka wapi, wajue pia kwamba hatuwafundishi chuki.

3. Sala si malipo ya safari

Hapa tuseme kwa upole, lakini tuseme kweli. Wako kati yetu waliofunga na kusali wakingojea jina litoke kwenye orodha. Mwezi wa Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia zilizokuwa zimemaliza mahojiano na kupimwa afya zilikwama. Wengine walikuwa wamekwisha kuuza mbuzi na vyombo. Baada ya hapo wapo walioacha kusali kabisa. Hatuwahukumu, maumivu yao ni ya kweli. Kumwomba Mungu safari si dhambi.

Lakini angalieni: Danieli alisali mara tatu kwa siku miaka yote hiyo, na Maandiko hayatuambii popote kwamba alirudi Yerusalemu. Wengine walirudi, yeye tunamwacha katika kitabu chake akiwa bado ugenini. Je, sala zake zilipotea bure? Hapana. Babeli ilimpa jina lake, chakula chake na elimu yake, lakini haikumpata moyo. Na hata katika saa ile ya hatari, alipopiga magoti alishukuru.

Kwa hiyo mtu akija nyumbani kwako na unabii wa tarehe ya ndege, tena anataka sadaka kwanza, kumbuka Hanania katika Yeremia 28. Aliwaahidi watu miaka miwili tu. Yeremia aliwaandikia wajenge, wapande, waoe na kuuombea amani mji waliomo, kwa maana ni miaka 70. Neno la Hanania lilikuwa tamu. Neno la Yeremia ndilo lililotimia.

4. Tuanzie wapi?

Tusianze na makubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Asubuhi, kabla ya jembe na kabla ya foleni ya maji, nyumba nzima isimame, mmoja ashukuru kwa kuamka. Sala ya dakika mbili ni sala.

Mchana, popote ulipo, shambani au kwenye mstari na jerikeni lako, mtaje Mungu jirani mmoja kwa jina. Jioni pita umjulie hali.

Usiku, giza lisijaingia, mistari michache isomwe kwa sauti. Nyumba isiyo na Biblia ijiunge na nyumba iliyo nayo. Baba au mama asiyejua kusoma, mtoto wa shule amsomee, na mzazi aeleze. Kila juma nyumba ishike mstari mmoja kwa moyo. Tulipokimbia, vitabu viliachwa njiani, lakini yaliyokuwa moyoni yalivuka mpaka pamoja nasi.

Mama mjane unayelea watoto peke yako, unayelala umechoka: neno moja mbele ya chungu cha maharagi linafika mbinguni. Ukikosa siku moja, usiseme umeshindwa. Kesho ina asubuhi yake.

Wapendwa, hatujui nani ataondoka, nani atarudi, nani atazikwa hapa. Lakini leo jioni kila nyumba inaweza kufungua dirisha lake.

Mungu wa Danieli awalinde. Amina.

Wazee wa Kanisa